Mkataba wa utafiti unapelekwa mlango upi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze adha tunayoipata sisi tunaoratibu tafiti hospitalini.

Mwaka huu nilikabidhiwa mkataba baina ya chuo chetu na hospitali moja ya rufaa. Kibali cha maadili cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tulikuwa nacho, na wenzetu wa nje ya nchi walikuwa na kibali chao cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ilibaki saini ya hospitali tu. Nikadhani ni kazi ya siku mbili.

Masijala walipoona neno "mkataba" wakanielekeza manunuzi. Ofisa wa huko akauliza, "Mzabuni ni nani?" Nikamweleza kwamba hospitali hainunui kitu. Akaandika kwa penseli pembeni mwa jalada, "Uhasibu?", pamoja na hiyo alama ya kuuliza. Wahasibu wakafungua ukurasa wa bajeti pekee, wakataka kwanza saini ya mkurugenzi. Katibu muhtasi wake, mama mpole kweli, akaniambia, "Mwanangu, bosi hasaini kitu ambacho mwanasheria hajakipitia." Kitengo cha sheria kiko nyuma ya jengo la kufulia. Nilifika huko wiki ya tatu.

Mwanasheria alisoma kama dakika kumi, akagonga kalamu kwenye kifungu cha sampuli. "Kaka, damu hii inakwenda nje ya nchi. Makubaliano ya kuhamisha sampuli yako wapi?" Hayakuwepo. Akafunua tena: mgonjwa akidhurika kwa sababu ya utafiti, nani atamtibu na kwa fedha za nani? Pale palikuwa na nukta nukta tupu. Nilitoka nimeona haya, maana hayo yalipaswa kuulizwa siku ya kwanza, si baada ya wiki tatu za kuzungusha bahasha.

Wengi wetu tukishapata kibali cha maadili tunajiona tumemaliza. Kibali kinaruhusu utafiti ufanyike. Atakayelipia vipimo vya ziada vya maabara, atakayemiliki data, na namna taarifa za wagonjwa zitakavyolindwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hayo yanapangwa kwenye mkataba. Utafiti ukiwa wa kujaribu dawa, kuna kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) pia, na bima ya washiriki.

Sisi watafiti nasi tuna lawama yetu: mkataba tunauleta mwishoni, mfadhili akiwa ameshaanza kuhesabu siku.

Ninachoomba kwa uongozi wa hospitali ni karatasi moja ibandikwe masijala: mikataba ya utafiti ipelekwe chumba namba fulani, kwa ofisa wa cheo fulani, ikiwa na viambatisho hivi na hivi. Ofisi ipo, na wanaoijua kazi wapo. Ila bango la mapokezi linaelekeza kliniki ya macho, maegesho na mochwari tu.

Mratibu wa utafiti,
Dar es Salaam