Ukungu wa taifa: barua kutoka Takamatsu

Takamatsu, Japani
Novemba

Mangi, mtani wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kuuma, ila siwezi kulia baridi mbele ya mtu wa Marangu.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli Wajapani wana siri ya maisha, ile inayouzwa kwenye vitabu vya kujiendeleza pale stendi. Nilicheka sana. Majirani zangu wanawahi treni, wanakula donge la wali wakiwa wamesimama, wanakunywa kahawa ya kopo kutoka kwenye mashine za barabarani, na Ijumaa jioni wanachoka kama wewe unavyochoka ukifunga duka. Siri ya maisha sijaiona ikipita. Lakini kipo kitu ambacho kimenikamata, na nimekikuta mahali ambapo hao waandishi wa vitabu hawapigi picha: kwenye ukungu. Ndugu yake yule anayetufanya tutupe mkate.

Wewe umekulia kwenye nyumba ya mbege, kwa hiyo nusu ya somo unalijua kuliko mimi. Nafaka kavu haiwi pombe hivi hivi. Ulezi uloweke, uote, uanike, usage, ndipo upate kimea. Kimea kigeuze wanga kuwa sukari, na hamira ipate cha kula. Wazungu wanafanya hivyo hivyo kwa shayiri. Huku wanatumia mchele, na mchele uliokobolewa hauoti. Basi kazi ya kimea wamempa ukungu uitwao koji, ambao wataalamu wanauandika Aspergillus oryzae. Wanapika mchele kwa mvuke, wanautandaza kwenye chumba chenye joto, wanaunyunyizia mbegu za ukungu, unga wa kijani laini kama poda ya mtoto. Kisha kwa siku mbili hivi wanaulea: wanaugeuza usipate joto kupita kiasi, wanaufunika, wanaufunua, na usiku mtu anaamka kwenda kuutazama. Mwisho kila punje imevaa manyoya meupe, na ukiitafuna ina utamu ambao hukuutegemea kwenye mchele.

Mwaka 2006 chama chao cha wataalamu wa utengenezaji pombe kiliutangaza kuwa ukungu wa taifa. Sisi tuna twiga, wenzetu wana ukungu. Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa watu makini.

Sake, pombe yao ya mchele, ndiyo inatengenezwa hivyo, na kuna ujanja mmoja utakaoupenda. Kwenye bia, wanga hugeuzwa sukari kwanza, halafu hamira ndiyo inaletwa. Kwenye sake mambo yote mawili yanakwenda pamoja ndani ya pipa moja: ukungu unaendelea kutoa sukari, na hamira inaila palepale. Kwa sababu sukari haijai kwa mkupuo, hamira haizidiwi, na pombe inaweza kufika asilimia 20 bila kuchemshwa kama gongo. Ndiyo maana nyingi wanaiongeza maji kabla ya kuitia kwenye chupa. Zile za bei kali, daiginjo, kila punje ya mchele imesuguliwa mpaka kubaki nusu yake au chini ya hapo. Moyoni niliona ni ufujaji wa chakula; mdomoni nilinyamaza. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka ufundi huu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Na wafanyakazi wa viwanda hivyo, msimu wa kupika ukifika, hawagusi natto, zile soya zinazovutika kama ute wa bamia, kwa sababu bakteria wake ni wababe na wakiingia chumba cha koji wanaharibu kila kitu.

Najua umeacha pombe. Kuna amazake: wali na koji, vikikaa kwenye joto la nyuzi 55 mpaka 60 kwa saa chache, vinakuwa kinywaji kizito kitamu bila sukari hata kijiko. Mtu wa Songea angekuambia hiyo ni togwa, na asingekosea sana.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni soya sosi.

Kutoka hapa Takamatsu unapanda kivuko, kama saa moja, unashuka kisiwa cha Shodoshima. Wamekuwa wakitengeneza soya sosi pale kwa takriban miaka 400, na bado wana mapipa makubwa ya mbao zaidi ya 1,000. Nilikwenda kwenye ghala la Yamaroku, ambalo wageni wanaruhusiwa kuingia. Sakafu ni udongo, kuta ni udongo. Mapipa yamepita kimo cha mtu, yamejengwa kwa mbao za mti wao uitwao sugi na kukazwa kwa pete za mianzi iliyosukwa, hakuna gundi. Unapanda ngazi, unatembea juu kwenye mbao katikati ya midomo ya mapipa, na chini yako kuna rojo la rangi ya matope: soya zilizopikwa, ngano iliyokaangwa na kupondwa, vyote viliota koji kwanza, kisha vikatiwa maji ya chumvi. Ndani yake povu dogo linapanda, linapasuka, jingine linafuata. Na kila kitu mle ndani kimevaa gamba: boriti, kuta, ubavu wa pipa, utadhani pamepakwa udongo wa kijivu uliokauka ukabanduka. Mkono wangu ulitaka kushika kitambaa nifute. Kumbe lile gamba ndilo mali yenyewe. Ni ukungu, hamira na bakteria waliohamia humo vizazi na vizazi, na ladha ya nyumba ile inatoka kwao. Ukisafisha, umefilisika.

Soya sosi yao ya kawaida hukaa pipani kama miaka miwili. Kuna nyingine ambayo, ikishakamuliwa, wanairudisha pipani na kuitumia badala ya maji ya chumvi kwa soya mpya, ikae tena. Hiyo inakwenda karibu miaka minne. Ni nyeusi, nzito, na chumvi yake inakuja mwishoni kabisa, kwa adabu.

Usidhani nchi nzima iko hivyo. Ya kwenye mapipa ya mbao ni kama asilimia moja tu. Iliyobaki inatoka kwenye matangi makubwa ya kisasa, na ni nzuri, na ndiyo ninayonunua mimi. Baada ya vita vya pili vya dunia wengi waliacha mbao, na mafundi wa mapipa makubwa wakaisha mmoja mmoja. Pipa linaishi miaka 100 na zaidi, kwa hiyo fundi hupati mteja yule yule mara mbili. Mwenye Yamaroku, Yamamoto Yasuo, alipiga hesabu akaona yake yatamtosha yeye, lakini wajukuu zake watakuta yamechoka na hakuna wa kuyatengeneza. Mwaka 2012 akaenda na maseremala wa kisiwani mpaka Sakai, karibu na Osaka, kwenye karakana iliyokuwa imebaki ya kazi hiyo, wakajifunza. Siku hizi kila Januari watengenezaji wa soya sosi, sake na miso, lile rojo zito la soya zilizochachushwa, wanakusanyika kisiwani kuunda mapipa pamoja, hata walio washindani sokoni. Faida ya pipa la leo ataila mtu ambaye hajazaliwa. Kama kuna falsafa ya Kijapani ninayoiamini ni hiyo, na hakuna aliyenihubiria.

Chakula cha hapa utakizoea upesi. Udon, tambi nene za ngano za mkoa huu wa Kagawa, mchuzi wake unaanza na iriko, dagaa wakavu kabisa, kichwa na utumbo vimetolewa. Siku ya kwanza nilinusa nikasema, hii ni Kirumba sokoni.

Jambo jingine la kukuchekesha: kwenye migahawa yao ya kizamani ya kahawa, orodha ina "Kirimanjaro". Karibu arabika yoyote ya Tanzania ikifika huku inaweza kuuzwa kwa jina hilo, hata ikitoka Mbinga au Mbeya. Ya Bukoba tu ndiyo haihesabiwi. Nilimweleza mwenye mgahawa kwamba rafiki yangu anauona mlima huo akifungua dirisha. Aliinama mara tatu. Sikumwambia kwamba wewe unakunywa chai.

Sasa muulizie mama jambo moja. Lile pipa lake la mbege, analiosha kwa sabuni, au analisuuza tu na kuligeuza? Na marehemu bibi alikuwa anafanyaje? Mwambie nauliza kwa dhati, aniandikie au anirekodie sauti.

Chupa moja ya ile ya miaka minne nimeshaitenga, nakuletea nikija. Ukiimwagia chipsi mayai, utani wetu umevunjika. Nauli ya mzigo tutagawana; mimi Mpare, unanijua.

Wako,
Mtani wa Usangi