Mzee wa Kisiwani amaliziwe maneno yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu vipindi vya historia ya pwani vinavyorushwa na televisheni zetu, hasa kimoja kilichohusu Kilwa Kisiwani, nilichokitazama wiki iliyopita hapa Morogoro pamoja na wanangu, ambao hawajawahi kuvuka maji kwenda kisiwani ingawa baba yao ni mzaliwa wa Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa hicho.

Kwanza natoa shukrani. Tulipokuwa shuleni, Kilwa ilikuwa aya mbili tatu za kitabu, ikitajwa pamoja na Sofala, bandari ya Msumbiji, na dhahabu yake, kisha wanaingia Wareno na somo limekwisha. Safari hii watoto waliyaona makuba ya Msikiti Mkuu, wakaiona na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Waliposikia kwamba Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika hapo mwaka 1331 na kuusifu mji huo, walinyamaza kimya. Mdogo wao ameniuliza mara tatu kama ni kweli sarafu ya shaba ya sultani huyo iliokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Ni kweli, na swali hilo peke yake lilitosha kunifanya nikishukuru kituo hicho.

Hata hivyo, kuna jambo lililonichoma. Katikati ya kipindi alitokea mzee mmoja mwashi, akaweka kiganja ukutani na kuanza kueleza. Alisema matumbawe ya kutilia nakshi huchongwa yakiwa bado mabichi, yametoka baharini karibuni, kwa kuwa yakishakauka huwa magumu na hayakubali patasi. Kisha akaingia kwenye tanuri la chokaa: magogo hupangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukatiwa, na baada ya hapo… Hapo sauti yake ikafunikwa na muziki, kamera ikapaa angani, na msimulizi akatusomea kwamba siri ya ujenzi wa watu wa kale wa Kilwa ilipotea pamoja nao. Haikupotea, Mhariri. Mzee alikuwa anaieleza pale pale, na mikono ya wenyeji kama yeye ilishiriki katika ukarabati uliofanya magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, yaondolewe mwaka 2014 kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Kosa hilo hilo ndilo lililozaa jina la "mji uliosahaulika" ambalo kipindi kiliipa Kilwa, ilhali kijiji kipo, watoto wanasoma na nyavu zimeanikwa hatua chache kutoka msikitini. Tuliambiwa pia kwamba Gereza, yaani ngome ya kisiwani tunayoiona, ni la Wareno. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 na kuondoka miaka michache baadaye; sehemu kubwa ya jengo lililosimama leo ni ya Waarabu wa Omani, na nadhani mwenyeji yeyote angeulizwa angelisema.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, ikiwemo Umatumbi, nchi ya Wamatumbi bara ya Kilwa, kuandika masimulizi ya wazee walioiona Vita vya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Hawakuwa na kamera za kupaa angani, lakini walimwacha mzee amalize, wakaandika jina lake na mahali alipotoka. Wazee wale wote wameshafariki, na hadi leo anayetaka kuiandika vita ile lazima apitie maneno yao. Mwashi wetu, chini ya picha yake, aliandikiwa maneno mawili tu: "Mkazi, Kisiwani".

Ninaloomba kwa watayarishaji ni kwamba kanda nzima za mahojiano ya namna hii zitunzwe, na nakala wapewe Makumbusho ya Taifa na kijiji chenyewe, badala ya kufutwa kipindi kikisharushwa. Kamera ilikuwa inarekodi mzee alipokuwa akizungumza, kwa hiyo kama kanda haijafutwa, maelezo yaliyobaki ya tanuri lile yapo kituoni. Naomba yarushwe yote, hata bila muziki wala picha za angani, na safari hii jina lake liandikwe.

Msomaji wako,
Morogoro