Daktari anayetaka kubadili ubingwa aende korti ipi?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa shule ya msingi na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipotuita madaktari watu wa tamaa wakati wa mgomo nilinyamaza, maana zamu ilikuwa inaningoja. Lakini ile taarifa yenu kuhusu madaktari wanaosomea ubingwa walioshtaki chuo baada ya kunyimwa ruhusa ya kuhama kozi imenikwama kooni. Mwandishi wenu alimwachia afisa wa chuo aseme atakavyo, kwamba vijana siku hizi wanahamahama wakifuata kozi zenye hela, wala hakumuuliza swali moja tu: utaratibu wa kuhama umeandikwa wapi?

Mimi niliutafuta. Niliajiriwa na kaunti moja ya Pwani, nikapewa ruhusa ya masomo yenye mshahara, nikaingia kusomea upasuaji katika chuo kikuu kimoja cha umma. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, diski ya mgongo ikahama mahali pake. Wasiojua kazi hii waelewe kwamba daktari anayejifunza upasuaji ndiye mara nyingi anayeshikilia kidonda kikae wazi ili bingwa aone anapokata, saa nyingi, wima, bila kusogea. Daktari wa mifupa aliyenitibu aliandika bila kuzunguka kwamba nikiendelea kusimama hivyo nitaishia kwenye meza hiyohiyo ninayoisimamia. Basi nikaomba kuhamia magonjwa ya akili. Chuo kilekile, hospitali ileile, ngazi mbili tu juu. Na kama kuna anayeamini kwamba daktari wa akili katika hospitali ya umma anaogelea kwenye noti, nampa pole.

Mkuu wa idara ya huko juu alinipokea vizuri. Nafasi ilikuwapo, kwa sababu mmoja wa walioteuliwa hakuja kujisajili. Akavuta ratiba ya zamu ya mwezi uliofuata, akaandika jina langu kwa penseli, akaniambia nilete barua ya chuo aliandike kwa kalamu. Hapo ndipo nilipoijua nchi yangu. Chuo kikasema kwanza kaunti ikubali, kwa kuwa ndiyo inayonilipa. Kaunti ikasema haiwezi kukubali kabla chuo hakijanipa nafasi, na kwamba kamati ya mafunzo ilipitisha upasuaji wala haikupitisha kitu kingine. Karani aliniwekea faili mezani, akanionyesha mstari wa kozi na muhuri uliopigwa juu yake, akauliza, “Sasa daktari, huu muhuri nikufutie na nini?” Hospitali nayo ikasema haina neno, mradi pengo langu la wodi ya upasuaji lijazwe, na wa kulijaza ni chuo, ambacho hakiwezi kulijaza katikati ya mwaka. Hoja hiyo ya pengo naielewa, kwa kuwa najua wenzangu wangebeba zamu zangu. Lakini si pengo walilolitaja kwenye jibu lao. Jibu lilipokuja lilikuwa na sentensi moja: ombi lako limezingatiwa na halikukubaliwa. Limezingatiwa na nani? Siku gani? Kwa kanuni ipi? Nilipouliza nikaambiwa nijitoe, nilipe ada ya maombi upya, nifanye usaili upya, na nikibahatika nirudie hata masomo ya utafiti na takwimu niliyokwisha kuyafaulu, kana kwamba takwimu za mwenye kisu si takwimu za mwenye kalamu. Na nikijitoa, kaunti inanidai mshahara wote niliolipwa nikiwa masomoni, kwa sababu mkataba niliotia saini unasema atakayeacha kozi atarudisha. Nimejitoa. Sasa kila mwisho wa mwezi naona kipande kimekatwa, nami nimerudi kuwa daktari wa kawaida kwenye kaunti isiyo na bingwa wa akili hata mmoja.

Wakili niliyemwendea alikuwa mtu mwungwana, akanieleza sheria bila kunitoza. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na kupewa sababu kwa maandishi pale anapoumizwa na uamuzi. Sheria ya 2015 iliyotokana na kifungu hicho inasema ofisi ikiombwa sababu ikakaa kimya, korti itachukulia kwamba haikuwa na sababu nzuri. Nikafurahi. Akaniambia nisifurahi bado. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 9, inaizuia Mahakama Kuu kusikiliza malalamiko kabla mlalamishi hajamaliza njia zote za rufaa zilizo ndani ya taasisi yenyewe, ila pakiwa na sababu ya kipekee. Rufaa ndani ya chuo ni kwa seneti. Na hata ukivuka hapo, majaji wetu tangu zamani hawapendi kuingilia mambo ya kitaaluma, wanasema hayo waachiwe walimu. Kisha akamalizia na jambo lililonifanya nicheke kwa uchungu. Mgogoro wangu na chuo ni wa Mahakama Kuu, lakini mgogoro wangu na kaunti juu ya ruhusa na mshahara ni wa mwajiri na mwajiriwa, hivyo unaangukia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mgongo mmoja, kesi mbili, korti mbili, mawakili wa kulipwa mara mbili. Mpaka jaji apange tarehe, muhula umefungwa, nafasi imepewa mwingine, na chuo kinasimama kusema kesi imepitwa na wakati.

Ndiyo maana simlaumu aliyekwenda kortini. Ninamshangaa kwa kuwa na nguvu.

Na si kozi peke yake. Korti siku hizi ndiyo imekuwa ofisi ya wafanyakazi wa afya nchini. Wale wanagenzi waliomaliza udaktari walikuwa na mkataba wa 2017, wa chama cha madaktari na serikali, unaosema watalipwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Wakaandikiwa barua za 70,000 na kuambiwa anayetaka achukue. Wakakaa nyumbani na vyeti vyao, wengine wakifundisha tuisheni mtaani, huku wodi zikilia kwa upungufu wa watu. Nao wakapelekana mahakamani. Mgomo wa 2024, siku 56, ulikuwa juu ya hayo na mengineyo, ikiwemo hali ya wenzetu wanaojilipia karo ya ubingwa, wanaofanya zamu za usiku kama waajiriwa bila senti moja. Mtu wa namna hiyo akikwambia anataka kuhama kozi, kabla ya kumwita mfuata hela, muulize anakula nini.

Wazee waliotutangulia wanasema kabla ya 2013 mambo haya yalimalizwa Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Mwajiri alikuwa mmoja, na wewe ungekaa kwenye benchi mpaka mtu atoke. Siitamani benchi hiyo. Lakini ugatuzi ulipoleta waajiri 47, yaani kila kaunti na madaktari wake, hakuna aliyekaa chini kuandika daktari anayesoma atahamaje, kutoka kozi hadi kozi au chuo hadi chuo. Bunge lilijaribu: Sheria ya Afya ya 2017 iliunda baraza la kitaifa la kushauri juu ya wafanyakazi wa afya, ikalikabidhi kazi ya kuangalia uhamisho kati ya kaunti na mzunguko wa mabingwa. Mhariri, mtumeni yule mwandishi wenu aende huko akaulize, daktari akivunjika mgongo katikati ya kozi, baraza linasemaje. Kama ana muda, maana naona alikuwa na muda wa kutosha wa kumsikiliza afisa wa chuo.

Dawa yenyewe haihitaji jopo wala warsha ya hotelini Naivasha. Ichapishwe fomu moja, ukurasa mmoja, rangi yoyote isipokuwa ile ya kijani ya kaunti yangu ambayo wino hauonekani. Iwe na saini tatu, ya chuo, ya mwajiri na ya hospitali, zote zitiwe chumba kimoja siku moja, na anayeomba awepo. Dirisha liwe mwaka wa kwanza pekee, na baada ya hapo mwenye cheti cha ugonjwa tu. Mkataba wa kaunti utaje miaka ya kuitumikia kaunti, usitaje jina la kozi. Na atakayekataa aandike sababu kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi zinazosomeka, kwa kuwa sisi ndio tunaosemwa kwa mwandiko.

Daktari wa kaunti,
Pwani