Tusiwamwagie mafuta ya taa buibui wa mashimoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie picha ya buibui mwenye pembe mgongoni inayozunguka kwenye simu. Wanaoisambaza wanadai ni muuaji aliyeingia nchini, na huku Sikonge vijana wameanza kumwaga mafuta ya taa kwenye kila shimo la buibui wanaloliona porini.

Buibui huyo yupo kweli, ila makazi yake ni misitu ya miombo ya katikati mwa Angola. Kitaalamu ni Ceratogyrus attonitifer. John Midgley na Ian Engelbrecht walimtangaza kuwa spishi mpya mwaka 2019 katika jarida la African Invertebrates. Wapo ndugu zake wenye pembe pia, lakini ya huyu ni ndefu, imelala kuelekea nyuma juu ya tumbo, tena ni laini. Akifa na kuhifadhiwa, pembe hiyo hunywea.

Wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani, wanamwita chandachuly. Ndio waliowaeleza watafiti kwamba chakula chake hasa ni wadudu, na kwamba jike hupanua shimo lililokwisha kuwepo badala ya kuchimba jipya. Sumu yake hawaihesabu kuwa ya hatari. Vifo vichache vilivyotajwa vinadhaniwa kutokana na jeraha kuoza huku matibabu yakiwa mbali.

Mimi nafuga nyuki kwenye miombo, na buibui wa mashimoni wa kwetu nawaona kila msimu. Mdomo wa shimo huzungushiwa utando mweupe mzito, uliogandana na majani makavu na punje za mchanga. Asubuhi ukiwa na umande unauona toka mbali. Mchana mwenyewe yuko chini kabisa. Usiku ukimulika tochi unakuta ncha za miguu ya mbele zimetulia ukingoni, na ukikanyaga karibu tu, kashazama. Sijaona hata mmoja akimfuata mtu. Jike huchukua miaka kadhaa kukomaa, kwa hiyo kibaba kimoja cha mafuta kinateketeza kazi ya miaka, na hayo mafuta yanabaki kwenye udongo tunaoutegemea.

Ombi langu, gazeti lako lichapishe picha ile pamoja na maelezo sahihi, kisha mtume mwandishi kwa warina asali wa huku. Wanajua udongo upi una mashimo na upi hauna, na mtafiti atakayekuja aanzie kwao kama walivyofanya wenzake Angola.

Mvua za kwanza zikinyesha, madume hutoka kutafuta majike na wengine hupotelea majumbani. Atakayemkuta ndani asimguse kwa mkono. Amfunike kwa bakuli, apitishe kipande cha boksi chini yake, amtoe nje.

Mfuga nyuki,
Sikonge, Tabora