Figo zipimwe kabla ya dawa ya picha kuingia mshipani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watu wenye figo dhaifu na sisi tunaowauguza. Ni ile dawa ya kung'arisha picha, ambayo wagonjwa wengi huiita rangi, inayochomwa mshipani kwa ajili ya baadhi ya vipimo vya CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta), vya mishipa ya moyo na vya MRI (picha za sumaku). Ombi langu ni kwamba hali ya figo iulizwe na ijulikane siku ileile daktari anapoandika kipimo, wala isingojwe hadi mgonjwa amelala kwenye kitanda cha mashine, sindano imeshawekwa, naye hana tena nafasi ya kufikiri wala kuuliza.

Dawa ya CT ina iodini, na karibu yote hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zenye afya huondoa sehemu kubwa yake ndani ya siku moja. Zilizodhoofika hukaa nayo kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo inaweza kubana mishipa midogo ya sehemu ya ndani ya figo, ambayo hata katika hali ya kawaida hupata oksijeni kidogo, na kuziumiza seli za mirija ya kuchujia. Dalili huonekana kwenye damu kabla mgonjwa hajahisi chochote: kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye damu, hupanda katika siku mbili au tatu za mwanzo, kisha mara nyingi hushuka yenyewe. Lakini kwa mtu ambaye figo zake zilikuwa zimebakiwa na uwezo mdogo, huenda isirudi ilipokuwa, na wachache huishia kusafishwa damu kwa mashine.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi jibu la maabara linavyosomwa. Kreatinini hutokana na misuli, kwa hiyo mzee aliyekonda anaweza kuonyesha namba isiyotisha ilhali figo zake zimechoka sana. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kreatinini ya miligramu 1.2 kwa desilita ana uchujaji, yaani kiasi ambacho figo zinachuja, wa takriban mililita 86 kwa dakika. Bibi wa miaka 80 mwenye namba hiyohiyo ana takriban 46. Anayetazama kreatinini peke yake atawaona sawa, nao hawako sawa hata kidogo. Ndiyo maana kiwango cha uchujaji, kinachokokotolewa kwa kuzingatia umri na jinsia, ndicho kinachopaswa kuandikwa kwenye fomu, pamoja na tarehe damu ilipochukuliwa.

Sisemi haya ili watu wakimbie vipimo. Tamko la pamoja la mwaka 2020 la wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani lilieleza kuwa hatari ya dawa hii ilikuwa imekuzwa kupita kiasi, na kwamba wanaohitaji kinga hasa ni wenye uchujaji ulio chini ya 30 au wenye figo zilizoumia ghafla. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda kwenye mapafu anaweza kufa akisubiri kipimo ambacho kingemwokoa. Hofu isiyo na namba ina madhara yake, na nimeona familia zikikataa kipimo cha lazima kwa sababu hakuna aliyewaeleza hatari iko wapi na ni kubwa kiasi gani.

Kinga yenyewe si ngumu. Ni dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya kipimo, kwa kiasi anachopanga daktari, kwa kuwa moyo dhaifu hauvumilii maji mengi. Ni kuepuka dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki katika siku hizo. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, aulize kama aisimamishe kwa saa 48, kwani figo zikishindwa kuitoa, damu inaweza kujaa asidi. Wakati mwingine altrasaundi, au CT isiyo na dawa, hutosha kabisa, lakini swali hilo haliulizwi.

MRI hutumia dawa nyingine, yenye madini ya gadoliniamu, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kimbilio la wagonjwa wa figo. Mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, na mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizo. Aina zinazoyashika madini hayo kwa nguvu zaidi zimepunguza hatari hiyo hadi kuwa ndogo mno. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa atachomwa aina ipi.

Kwa hiyo naziomba hospitali ziongeze mistari miwili tu kwenye fomu ya kipimo: mmoja wa kiwango cha uchujaji na tarehe yake, na mwingine wa siku ambayo mwenye figo dhaifu atarudi kupimwa damu, saa 48 hadi 72 baada ya dawa, kabla hajaambiwa kwamba amemaliza matibabu.

Wako,
Msomaji anayemuuguza mzazi mwenye ugonjwa wa figo