Nimepunguza nikotini, mbona mkono ndio umezidi kwenda mdomoni?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, karani wa klaringi hapa Mombasa, nina mke na mtoto mmoja. Sigara sikuwahi kuizoea. Yangu ilikuwa shisha na vijana wenzangu, na serikali ilipoipiga marufuku mwisho wa 2017 nikaiacha. Mke wangu alinimwagia sifa kwa hilo mpaka kwao. Kumbe baadaye mwenzangu kazini akaniletea vepu, hii sigara ya umeme, ya ladha ya embe.

Ilikuwa imeandikwa 5%. Kwa ujuha wangu nikasema, asilimia tano ni kitu gani? Koo haikuniwasha hata kidogo, na hapo ndipo iliponinasa. Juzi tu mfamasia mmoja ndiye aliyenifumbua macho: nikotini ya humo ni ya chumvi, imetiwa asidi isikwaruze koo, basi mtu huvuta kali bila kujua. Asilimia 5 ni miligramu 50 kwa kila mililita. Ulaya na Uingereza mwisho wao ni 20. Kifaa changu cha mililita 10 kilikuwa na miligramu 500, nami nakimaliza kwa siku nne! Sigara moja humwachia mvutaji kama miligramu 1 au 2 mwilini. Najua si yote ya kwenye vepu huingia damuni, lakini hata hivyo. Mimi nahesabu ushuru wa makontena kutwa, hesabu hii sikuipiga.

Ramadhani iliyopita ndiyo iliyoniumbua. Daku navuta, ikifika saa nne asubuhi arosto imenishika: kichwa, hasira, macho hayatulii kwenye karatasi. Nilimfokea mteja kwa fomu ambayo haikuwa na kosa lolote. Jioni moja tulifuturu kwa mama. Adhana ya magharibi ilipolia wenzangu walinyoosha mikono kwenye tende, mimi nikatoka uani. Mama akanifuata na gilasi. "Mwanangu, hata maji?" Sikuwa na la kumjibu.

Baada ya Idi nikanunua kifaa cha kujaza mwenyewe na maji ya nikotini ya miligramu 20 kwa mililita. Wiki ya kwanza nikajiona shujaa. Ya pili nikagundua navuta mivuto mirefu, tena kila baada ya dakika chache. Nikishuka feri Likoni, hata stejini sijafika, kishatoka mfukoni. Nambari imeshuka, ila nahisi mwili unajilipa deni lake kwa wingi wa mivuto.

Wiki iliyopita niliamka saa nane usiku nikavuta ndani ya chandarua. Kile kitaa cha buluu kikawaka. Mke wangu akauliza ni nini, nikamwambia simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Simu inanukia embe?" Kisha akanigeuzia mgongo. Mpaka leo hajaligusa tena, na kimya hicho, Shangazi, ni kizito kuliko ugomvi. Ana mimba ya miezi mitano.

Mfamasia anasema nijaribu chingamu au stika ya nikotini ya kubandika mwilini, na nipunguze taratibu, kwa kuwa siku mbili tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Mimi naogopa kubadilisha kamba tu, shingo ni ile ile. Rafiki yangu naye anashauri nirudi kwenye 50 nivute mara chache. Huyo mwenyewe vepu haimtoki mkononi, sijui nimsikilize kwa lipi.

Je, niikate mara moja, au nishuke kidogo kidogo na hiyo chingamu? Na mke wangu nimwambie sasa, au nisubiri niwe na siku kadhaa safi za kumwonyesha? Hapa barazani kwetu ukisema umeshikwa na kitu, watu wanafikiria muguka au unga. Vepu wanakucheka.

Nijibu, Shangazi. Hata barua hii nimeiandika nikiinuka mara tatu.

Mwanao,
Karani wa Likoni