Kabla hujaagiza valvu, soma kwanza ile ya zamani

Wateja wetu wengi wa Igogo na Nyakato, Mwanza, wanapiga simu wanasema "nataka geti valvu ya nchi tatu", basi. Ndugu zangu, hiyo haitoshi. PN na Class ni madaraja ya presha. Nchi tatu ya PN16 flenji yake (ile sahani ya kuungia na bomba) kwa kawaida ina matundu 8 ya bolti, ya Class 150 ina 4, ukibeba isiyo yako haifungiki na kiwanda kimesimama.

Nenda kwenye valvu yenyewe. Piga brashi ya waya taratibu, grainda usiweke maana inakula herufi, halafu laza chaki uisugue juu ya bodi, maandishi yaliyonyanyuka yatatoka meupe hata kama rangi imerudiwa rudiwa. Piga picha pande zote, na kile kibati kidogo cha riveti usikiache, humo ndo wanaandika kiti (pale mlango wa valvu unapofungia) na shina (fimbo inayouendesha) ni vya madini gani.

DN ni saizi: DN80 ndo nchi 3, DN50 nchi 2. PN16 ni baa 16, ila kwa maji ya baridi. Class 150 wengi wanajua ni psi 150, sio kweli, ya WCB (chuma cha kaboni cha kumimina) inabeba karibu baa 20 kwenye joto la kawaida, lakini ikifika digrii 200 inashuka mpaka kama 14, kwahiyo watu wa boila nawaomba sana muwe makini hapo. Zile za shaba mara nyingi zina namba mbili, mfano 600 WOG na 150 WSP, ya kwanza ni psi ya maji, mafuta au gesi vikiwa baridi, ya pili ndo ya mvuke. Fundi akisoma ile kubwa tu akaifunga laini ya mvuke anahatarisha watu kabisa!

Na viwanda vya samaki, kwenye laini za amonia ya kupozea shaba hapana, amonia ikipata unyevu inaitafuna. Tafuta LCB kwenye bodi, hicho ni chuma cha baridi kali, WCB mwisho wake digrii 29 chini ya sifuri.

Kama kuna mshale tuonyeshe umeelekea wapi, hasa kwa nonritani (valvu ya kupitisha upande mmoja tu). Tuma picha WhatsApp, andika kinachopita ndani ni nini, joto na presha yake, tutakujibu ipi inakufaa kabla hujalipa.